Simu imeipata x, mtoto bado

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, anakaa kwangu Tabata. Mwezi uliopita alinionyesha kazi ya nyumbani ya aljebra: maswali kumi na mawili, yote sahihi, mwandiko safi, hatua zimepangwa kama ngazi. Nilikaribia kumnunulia chipsi. Kisha nikaweka kidole kwenye swali la nne, 3 − 2(x − 4) = 5, nikamuuliza: mbona hii 8, yaani mbili mara nne, imegeuka ya kujumlisha, na kwenye mabano kuna kutoa?

"Simu ndiyo imesema hivyo, mjomba."

Siku hizi unapiga swali picha, na kabla hujameza mate hatua zote zimeshuka. Sina ugomvi na programu hizo. Enzi zetu ukikwama saa mbili usiku umekwama mpaka kesho, na hiyo kesho mwalimu ana darasa lililofurika. Mwenye uwezo alilipia tuisheni, asiye nao alijua mwenyewe. Kwa hiyo wanaotaka watoto wanyang'anywe simu siwaungi mkono. Ninachogombania ni zamu. Simu ikianza, mtoto akafuata, huko ni kuigilizia tu, tena kubaya kuliko kuigilizia kwa jirani, maana jirani huwa anakosea na mwalimu anawakamata wote wawili.

Kuna na suala la lugha. Shule ya msingi mtoto huyu alisoma hisabati kwa Kiswahili; MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) anaiimba hata usingizini. Alipoingia kidato cha kwanza, mlinganyo ukageuka ikwesheni, mabano yakapata jina jingine, na programu nayo inamweleza kila hatua kwa Kiingereza cha vitabuni. Anaruka maelezo, anachukua namba.

Basi nikamwambia afunge simu, anisomee swali kwa Kiswahili, bila kusema "eksi". Akajikongoja: "Tatu, nikitoa mara mbili ya... namba fulani iliyopunguzwa nne, nabaki na tano." Akanyamaza. Kisha akacheka. "Haiwezekani mjomba! Nina tatu, natoa, halafu nabaki na tano?"

Hapo ndipo nilipotaka afike. Nitoe nini kwenye tatu nibaki na tano? Alizungusha kalamu kitambo, akasema hasi mbili. Kumbe mara mbili ya kile kilichomo kwenye mabano ni hasi mbili. Chenyewe ni hasi moja. Namba iliyopunguzwa nne ikawa hasi moja ni tatu. Hakufungua mabano hata kidogo. Simu ilipita njia nyingine kabisa ikafika palepale.

Wala si ujanja wangu. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye neno al-jabr kwenye jina la kitabu chake cha karne ya 9 ndilo lililotupa neno aljebra, hakuwa na x wala alama ya sawasawa. Milinganyo yake yote aliiandika kwa maneno.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu. Kwanza daftari. Pili, jibu lirudishwe kwenye swali: weka 3 mahali pa x, mabano yanatoa hasi moja, mara mbili ni hasi mbili, tatu kutoa hasi mbili ni tano. Hiyo haili bando, na sijui somo jingine linalomruhusu mwanafunzi kujisahihisha mwenyewe kabla ya mwalimu. Jibu likigoma, ndipo simu inaitwa, naye analinganisha mstari kwa mstari mpaka aone alipoteleza. Mara nyingi ni alama ya kutoa mbele ya mabano.

Kwa grafu nina msimamo mwingine: hapo simu itangulie. Kuna GeoGebra, programu ya kuchora grafu, aliyoianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Unaandika y = mx + c, unasogeza m, yaani mteremko, kwa kidole, mstari unalala na kusimama; ukisogeza c unapanda na kushuka. Mimi mteremko nilikariri fomula yake miaka miwili bila kuuona ukitembea. Yeye aliuona kwa dakika tano.

Jumapili alikuja amekasirika. Alikuwa na 5(z − 1) = 20, amepata z ni 5, amerudisha, imekubali. Simu ikamwambia mlinganyo huo si kweli. Zamani angefuta jibu lake. Safari hii alibaki anakodolea kioo mpaka akagundua kamera imesoma z yake kama 2.

Sasa z zake zote anazipiga kistari katikati.