Gharama ya Sarufi katika Tafsiri ya Kompyuta

Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania, suala la kutafsiri hukumu kwa kompyuta limepata uzito mpya kwetu Arusha. Wapo wanaoshikilia kwamba modeli za tafsiri zinazojengwa juu ya sarufi ziachwe, kwa kuwa ukokotozi wake ni ghali mno.

Hoja hiyo ina msingi. Kuchanganua sentensi kwa sarufi ya muundo virai, yaani inayoigawa sentensi katika mafungu ya maneno yaliyomo moja ndani ya jingine, hudai hatua zinazokua kwa kipeo cha tatu cha urefu wake: maneno 40 huzaa hatua 64,000, kabla hata ya kuzidisha kwa ukubwa wa sarufi yenyewe, na maneno 80, ambayo si ajabu katika hukumu, huzaa mara nane ya hizo. Sarufi ya lugha mbili aliyoieleza mtafiti wa tafsiri ya kompyuta Dekai Wu mwaka 1997, inapochanganua sentensi na tafsiri yake kwa pamoja, hufikia kipeo cha sita. Na ulaini wa tafsiri ukipimwa papo hapo kwa mfuatano wa maneno matatu matatu, kipeo hupanda hadi 11. Ndiyo sababu wajenzi wa modeli hizi hupogoa njia nyingi kabla ya kuzikagua, na huenda tafsiri sahihi ikawa miongoni mwa zilizopogolewa.

Hata hivyo, kukosa sarufi nako kuna gharama yake. Mwaka 1999 mtafiti mwingine, Kevin Knight, alithibitisha kwamba kutafsiri kwa modeli za neno kwa neno, maneno yakiachwa yajipange kwa namna yoyote, ni tatizo lisilo na algoriti ya haraka inayojulikana. Sarufi ya Wu hupunguza uhuru huo: kati ya mipangilio 24 ya vipashio vinne (maneno au mafungu ya maneno) huruhusu 22, na kukihamisha mwisho kivumishi kinachotangulia nomino katika Kiingereza kumo ndani ya hiyo 22. Kwa hiyo sarufi inayolaumiwa kwa uzito ndiyo iliyoifanya kazi iwezekane.

Modeli za transfoma, zilizotokea mwaka 2017 na zinazojifunza kutafsiri kutokana na mifano bila kupewa kanuni za sarufi, hulinganisha kila neno na mengine yote kwa kipeo cha pili tu, tena kwa sambamba. Kwa kasi na ulaini wa lugha zimeshinda, nami sioni sababu ya kulibishia hilo. Ila hazitoi dhamana ya upatanisho, yaani kitenzi kufuata ngeli ya nomino yake. Tuchukue amri hii: “Mashamba mawili ya marehemu yaliyouzwa bila idhini ya warithi yarejeshwe.” Mashine ikivutwa na nomino iliyo karibu na kuandika “warejeshwe”, mahakama itakuwa imeamuru warithi ndio warejeshwe. Kanuni moja inayofunga kiima na kitenzi ingelizuia kosa hilo.

Kanuni hiyo nayo si ya bure. Ngeli kumi za kiima zikikutana na kumi za yambwa (mtendwa), kanuni moja ya kitenzi hugeuka mia, na ukubwa wa sarufi ndio unaozidisha kila hatua. Kwa maoni yangu, transfoma iandike tafsiri, kisha sarufi ikague sentensi ya Kiswahili peke yake, ambapo kipeo hubaki cha tatu na kompyuta ya kawaida ya ofisini humudu. Upatanisho wa kiima utangulie. Ule wa yambwa uongezwe baada ya kupima muda unaotumika kwa sentensi ndefu za hukumu.