Nani alikufa? Hakuna, nimekuja tu

Hapa Lubumbashi, ukiomba ruhusa kazini ya kwenda kwenu, mkubwa wako anakupa pole kabla hujamaliza kusema. Simlaumu. Tumezoea hivyo: mtu anarudi alikozaliwa kwa sababu kuna kilio, kuna mgonjwa, au kuna kesi ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba, iliyowashinda ndugu. Tunafika usiku, tunalala uani juu ya mikeka, tunachanga, tunazika, tunapanda gari. Halafu tunasema tulikwenda nyumbani. Mimi nasema tulikwenda matangani, na hayo ni mambo mawili.

Kwetu ni Likasi, kilomita 120 hivi kutoka hapa. Malori ya shaba yanayoteremka kuelekea mpakani Kasumbalesa yanaweza kukuchelewesha njiani, lakini ukiwahi alfajiri unafika jua halijawa kali. Umbali si kisingizio. Kinachotuzuia ni aibu: hatujui kubisha hodi na kusema "nimekuja tu".

Nilipokwenda bila msiba kwa mara ya kwanza, mama mdogo alinifungulia lango la lupango lake kule Kikula akiwa ameshashika kichwa.

"Nani alikufa?"

"Hakuna, mama."

"Sasa unakuya juu ya nini?"

"Juu ya kukuona."

Akanitazama mikono, akachungulia nyuma yangu aone nimefuatana na nani, halafu akacheka mpaka majirani wakatoka. Mchana kutwa akawa anawaambia wapita njia: "Huyu amekuja bure!"

Kungekuwa na kilio, tungesalimiana tu na kila mtu akashika kazi yake. Siku ile tulikaa chini ya mwembe akitengeneza munkoyo, kinywaji nilichokunywa tangu utotoni bila kuuliza kinatoka wapi. Uji wa unga wa mahindi unapikwa, unaachwa upoe mpaka uwe vuguvugu, ndipo mizizi iliyopondwa inatiwa ndani. Mizizi ikitiwa moto ukiwa bado juu, inaharibika. Ukisubiri, ule uji mzito unaanza kulegea wenyewe, kijiko kinazunguka bila kugoma, na utamu unatokea pasipo sukari, kwa maana mizizi inauvunja wanga wa mahindi. Ukiwa mpya, hata mtoto anapewa. Ukilala, unaanza kuuma ulimi, na hapo ndipo wazee wanapousifu. Mama mdogo hana kipimo cha joto zaidi ya kidole chake. Alinishika mkono, akaniingiza changu pia.

Gita nayo iliingia maishani mwangu hivyo hivyo, bila sababu ya maana. Nimeanza kujifunza nikiwa na mvi, na swali la kwanza la kila jirani ni lile lile: utapiga kwenye ndoa? Nikisema hapana, wanauliza: kanisani basi? Nikisema hapana tena, wananionea huruma. Hapa kwetu kitu unachokifanya jioni lazima kilete chochote, hata mfuko wa makaa. Pengine ni mji wenyewe uliotulea hivyo. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilikuwa imeshaundwa tangu 1906, na babu zetu wengi waliletwa hapa kwa mkataba, si kwa matembezi. Mtu alihesabiwa kwa kazi yake. Kampuni ile ilishaondoka zamani, lakini bado tunajihesabu kwa daftari lake.

Na ukiangalia vizuri, gita ya hapa ni ya watu wa kazi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mitambo ya kurekodi muziki, alimkuta mpiga gita Jean Bosco Mwenda huko huko Jadotville, ndilo jina la Likasi wakati ule. Gita kavu, isiyo ya umeme, vidole viwili: gumba linashikilia nyuzi nene, cha shahada kinatembeza sauti juu yake. Ukisikiliza utaapa kuna wapigaji wawili. Vyangu viwili bado vinagombana. Gumba likienda vizuri, cha shahada kinalifuata badala ya kushika njia yake, na napaswa kuanza upya, polepole, mpaka mke wangu anafunga mlango wa chumba. Saa hiyo siwazi bei ya dola wala umeme utarudi lini. Hiyo ndiyo faida yake, na mimi inanitosha.

Najua kuna atakayesema starehe ni za wenye pesa. Nauli, zawadi, siku zisizolipwa: ni kweli, kwa wengine hata hizo hazipatikani, na hao siwasemi. Nasema sisi ambao kilio kikitokea pesa inapatikana usiku huo huo: sanduku, kitambaa cha familia, gari la kukodi, sufuria za chakula. Tunamtolea maiti bila kubishana. Tukiambiwa tumpelekee mzee aliye hai samaki, mwezi umekaa vibaya.

Mvua zikikolea nitakwenda tena, maana ndio wakati wa bowa, yaani uyoga. Watoto wanasimama kando ya barabara wakiunyanyua kwa mikono miwili ili madereva wauone. Ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu, kofia yake inaweza kukaribia mita moja kwa upana. Mama mdogo anaupika na karanga za kutwanga, bukari (ugali) pembeni, na hataki mtu aongee sana wakati wa kula. Ameagiza niende na gita. Nimemwambia sina wimbo hata mmoja ninaoufikisha mwisho, akasema nipige mianzo tu. Na bowa nisinunue mimi. Wauzaji wakiona viatu vyangu, amesema, watapandisha bei.