Celia alisamehewa kosa gani?

Mwishoni mwa 2024, aliyekuwa gavana wa jimbo la Missouri, Marekani, Mike Parson, alimpa msamaha mtumwa wa kike aitwaye Celia, aliyenyongwa mwaka 1855 kwa kumuua bwana wake. Habari hiyo ilinigusa, ila neno lenyewe, msamaha, limenikwama kooni.

Celia alinunuliwa mwaka 1850, akiwa na miaka kama 14. Mnunuzi, Robert Newsom, alikuwa mgane mzee, mkulima mwenye mali katika kaunti ya Callaway. Alimbaka njiani, kabla hawajafika nyumbani. Baadaye akamjengea kibanda cha matofali karibu na nyumba kubwa, akawa anamfuata humo atakavyo kwa miaka mitano. Juni 1855, akiwa mja mzito tena na mgonjwa, Celia aliwaomba binti za Newsom wamkanye baba yao. Akamsihi na Newsom mwenyewe. Usiku wa Juni 23 akaja vilevile. Gongo lilikuwa tayari pembeni. Celia akampiga nalo mara mbili, Newsom akafa. Usiku huohuo akauchoma mwili mekoni. Kulipokucha, akamwomba mjukuu wa marehemu amzolee majivu, ujira wake kokwa za jozi za kutafuna. Mtoto akazoa, hajui anachobeba.

Wanaoona kwamba ni mauaji husimama palepale penye majivu: gongo liliandaliwa, mwili ukafichwa. Hoja hiyo ina uzito, nami siwezi kuipita kwa haraka. Lakini angekwenda kushtaki wapi? Mtumwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Wanawake wawili walioweza kumsaidia walikwisha kuombwa.

Jambo zito zaidi lilitokea mahakamani. Sheria ya Missouri ya 1845 ilikataza kumlazimisha "mwanamke yeyote" kuingiliwa kwa nguvu. Wakili wa Celia, John Jameson, aliomba wazungu 12 waliokaa kuamua kesi waelezwe kwamba sheria hiyo ilimhusu na yeye, hivyo alikuwa na haki ya kujikinga. Jaji William Hall akakataa. Kwa hiyo Celia alikuwa mtu wa kutosha kubeba hatia ya kuua, lakini hakuwa mwanamke wa kutosha kulindwa. Alijifungua gerezani mtoto mfu. Akatoroshwa ili siku ya kunyongwa impite, akarudishwa, na Desemba 21 akanyongwa.

Wanaoutetea msamaha husema gavana hana uwezo wa kuirudia kesi. Alitumia chombo alichonacho, na jina la Celia sasa limeandikwa upande mwingine wa kumbukumbu za serikali. Nakubali. Bora hivyo kuliko kimya cha karne moja na nusu.

Lakini kwetu anayesamehe ni aliyekosewa, na anayesamehewa ni mkosaji. Hapa serikali iliyomnyima ulinzi, ikamfunga na kumtia kitanzi, ndiyo iliyomsamehe. Msamaha hausemi kwamba Celia hakuwa na hatia. Na adhabu yenyewe tayari aliimaliza. Ninachokitaka ni tamko la mahakama kwamba maneno "mwanamke yeyote" yalimhusu Celia tangu siku yalipoandikwa, na kwamba Jaji Hall alikosea kuwanyima wale 12 nafasi ya kuyasikia.