Boksi lililozibwa au lenye tundu: sebule ndogo inahitaji spika ipi?

Ukienda kununua spika, yenye tundu ndiyo itakayokuvuta, maana besi yake inakufikia tangu mlangoni. Swali ni kama itapendeza vilevile ikifika sebuleni kwako.

Koni ya spika, yaani ile sehemu inayotetema, ikisukuma hewa mbele, huisukuma na nyuma, ndani ya boksi. Albert Thuras wa maabara ya Bell Labs, Marekani, alipata hataza mwaka 1932 kwa ubunifu wa kuitumia sauti hiyo ya nyuma. Hewa iliyo tunduni hutetema kwa masafa yake maalumu (idadi ya mitetemo kwa sekunde, hupimwa kwa hezi), kama chupa inayopulizwa mdomoni, na besi huongezeka kwa wati zilezile. Mwaka 1954 Edgar Villchur akaja na spika iitwayo AR-1 na kushika njia nyingine: akaliziba boksi, hewa ya ndani ikawa springi ya koni. Besi nzito ikatoka kwenye boksi dogo, ila amplifaya ililazimika kuwa na nguvu zaidi.

Faida ya tundu siipuuzi. Kwenye shughuli ya uani, au kwa mwenye amplifaya ndogo, ningelichagua bila kusita. Lakini chini ya masafa ya tundu, sauti huporomoka kwa takriban desibeli 24 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kila oktavu, yaani kila masafa yanapopungua nusu, na koni hukosa hewa ya kuizuia. Ukifungulia sauti kubwa yenye noti za chini sana, koni inaweza kuharibika. Boksi lililozibwa hushuka taratibu, desibeli 12.

Sasa chukua sebule ya matofali ya saruji, mita 3 kwa 4. Katika ule urefu wa mita 4, sauti ya hezi 43 hivi hugonga kuta, hurudi na kujirundika. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi la nyuzi nne hulia hezi 41. Weka humo, tena kwenye kona, spika ambayo tundu lake limepangwa hezi 45: noti chache zitavuma na kuzimeza nyingine. Mpenzi wa rumba ya Kongo atasikia mvumo tu, vidole vya mpiga besi vimepotea. Boksi lililozibwa haliondoi tatizo la chumba, ila haliliongezei uzito.

Kuna na suala la fundi. Wahandisi Neville Thiele mwaka 1961, kisha Richard Small miaka ya 1970, walitoa hesabu za kupanga ujazo wa boksi na urefu wa bomba la tunduni. Spika yenye tundu iliyofuata hesabu hizo ni nzuri sana. Boksi linalochongwa kwa kukisia, hata hivyo, huadhibiwa zaidi likiwa na tundu, kwa kuwa vipimo vya kukosea ni vingi.

Kwa sebule ndogo nachagua lililozibwa. Mwenye la tundu tayari aliondoe kwenye kona, azibe tundu kwa sponji, kisha arudie wimbo uleule.