Farasi wa Watt: nani aliyepunjwa?

Kibati cha mota ya pampu au ya mashine ya kusaga hakikosi herufi mbili: HP, yaani nguvu ya farasi. Farasi mwenyewe wengi wetu tunamjua kwa picha tu. Aliyemtia kwenye hesabu za injini hadi leo ni James Watt, fundi wa Kiskoti wa injini za mvuke, miaka ya 1780, na hadi sasa watu wanamgombania. Wengine wanasema kipimo chake ni ujanja wa mfanyabiashara, kwamba alimpa farasi nguvu asizokuwa nazo. Wengine wanasema alipima kisayansi. Kabla ya kuchagua upande, tuulize kwanza pesa ilivyokuwa ikilipwa.

Watt na mshirika wake Matthew Boulton walianza kazi pamoja Birmingham mwaka 1775. Wenye migodi waliokuwa na injini kongwe za mvuke za Newcomen walitozwa theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa na injini mpya. Mgodini hesabu hiyo ilikwenda sawa. Ilikwama kwa mwenye kinu au kiwanda cha bia aliyezungusha mitambo yake kwa farasi, maana huyu hakuwa na makaa ya kuokoa. Alikuwa na majani na nafaka za kulisha wanyama. Ikabidi alipe ada ya mwaka kwa kila farasi ambaye injini imeshika nafasi yake. Basi farasi mmoja ni kiasi gani?

Watt alihesabu farasi wa kinu anayezunguka duara lenye upana wa futi 24, mara 144 kwa saa, akivuta kwa nguvu ya ratili 180. Ukizidisha unapata kama 32,572, yaani ratili zinazoweza kuinuliwa futi moja kwa dakika. Akaikamilisha kuwa 33,000. Kwa vipimo vyetu ni sawa na kuinua kilo 76 mita moja kila sekunde.

Wanaomshutumu wana ushahidi. Mhandisi John Smeaton alikuwa amemkadiria farasi kuwa 22,916 tu. Farasi wa Watt amemzidi, tena tarakimu zimepandishwa juu, hazikushushwa. Ukiishia hapo, utasema kweli huyu bwana alitia chumvi.

Lakini tazama nani anafaidika. Ada inatozwa kwa kila farasi. Chukua injini yenye uwezo wa 330,000: kwa farasi wa Watt ni farasi 10, kwa farasi wa Smeaton ni zaidi ya 14. Angetaka kumkamua mteja, angemchagua farasi dhaifu ili farasi wawe wengi na ada ipande. Muuzaji anayejaza kibaba mpaka kinafurika hampunji mnunuzi. Nadhani alichokinunua Watt kwa farasi yule mnene ni amani: mteja akifunga injini ya farasi 10, hatarudi kulalamika kuwa farasi wake walikuwa wakifanya zaidi.

Isitoshe, njia ya kutia chumvi ilikuwapo. Thomas Savery, mwaka 1702, alipoisifia mashine yake ya kuvuta maji alihesabu pia farasi wanaopumzika bandani wakisubiri zamu: kazi ya farasi wawili wanaovuta kwa pamoja ilidai kufuga 10 au 12. Watt hakuhesabu walio bandani.

Utafiti uliotoka 1993, ukitumia takwimu za mashindano ya kuvuta ya Iowa, Marekani, ya miaka ya 1920, ulionyesha kuwa farasi mmoja anaweza kufikia karibu HP 15 kwa sekunde chache. Kwa kazi ya kutwa, moja ndiyo kadiri yake. Kwa hiyo Watt hakukosea sana.

Ila jina lenyewe ndilo lililoharibika mikononi mwa waliofuata. Wajerumani na Wafaransa walichukua kilo 75 badala ya 76. Waingereza walitoza kodi ya magari kwa "farasi" waliokokotolewa kwa upana wa silinda, bila kujali urefu wa mwendo wa pistoni, nao watengenezaji wakaunda silinda nyembamba na ndefu. Huko Ufaransa, Citroën 2CV ya 1948, gari la "farasi wawili" wa kodi, ilikuwa na farasi kama 9 wa kweli! Marekani nako, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, injini za magari zilitangazwa kwa nguvu iliyopimwa zikiwa zimevuliwa vifaa vinavyozilemea. Hapa ndipo ninapowaelewa wanaotaka kilowati peke yake. Tangu 2010 Umoja wa Ulaya unairuhusu HP iandikwe tu pembeni ya kilowati.

Na kwa mnunuzi wa pampu hili lina uzito. HP 1 ni kama kilowati 0.75, lakini hiyo ni nguvu inayotoka kwenye shafti ya mota. Mita ya umeme ya LUKU inahesabu kinachoingia, na sehemu ya kinachoingia huishia kuwa joto. Pampu ndogo ya HP 1 inaweza kula uniti nzima (kilowati moja kwa saa moja) kila saa, nawe ulipiga hesabu ya robo tatu.