Nyololo: askari alihukumiwa, amri je?

Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari wa televisheni ya Channel Ten, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu, akiwa amezingirwa na polisi. Chama cha upinzani CHADEMA walikuwa wakifungua tawi. Polisi walishazuia shughuli za siasa kwa hoja ya sensa. Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimfunga askari mmoja miaka 15.

Wapo wanaosema haki ilitendeka, na hoja yao si ya kubeza. Polisi kufungwa kwa tendo la kazini si jambo la kila siku. Alishtakiwa kwa mauaji ya kukusudia, akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kosa la kwanza adhabu yake ni kunyongwa, la pili linaweza kufika kifungo cha maisha, na kinachoyatenganisha ni dhamira. Jaji hawezi kumhukumu asiyeletwa mbele yake.

Wengine wanauliza: nani aliamuru? Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilichunguza ikasema polisi walikiuka haki za binadamu. Lakini Tume hutoa mapendekezo tu, haifungi mtu. Kizimbani alipanda askari wa chini peke yake. Upande huu una nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ila mara nyingi unaishia kwenye maandamano na mishumaa.

Kilichoibana serikali mwaka ule ni picha zilizoonyesha Mwangosi katikati ya askari. Tuzo inayobeba jina lake ni heshima nzuri, lakini haitunzi ushahidi. Mpigapicha akirusha picha kwa WhatsApp kisha akafuta ya kwenye kamera, amejipunguzia ushahidi mwenyewe: programu ile huibana picha na kuondoa taarifa za tarehe, saa na kifaa. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama ipime ushahidi wa namna hiyo ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Basi memori kadi itolewe siku hiyohiyo, isipigiwe tena picha nyingine. Nakala ziwe mbili, moja ikae nje ya mkoa. Kila anayeipokea aandike jina, tarehe na saa, asaini. Wakili wa utetezi atauliza kadi ilikuwa kwa nani tangu Nyololo hadi mahakamani, na siku moja isiyo na maelezo inamtosha kutia shaka. Apigwe picha pia anayetoa maelekezo, si anayefyatua tu. Cheo begani kionekane.

Nje ya mahakama za nchi njia imepungua. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na uamuzi ukaanza kutumika mwaka uliofuata. Kwa mauaji ya leo, jalada la mahakama za hapa ndilo tegemeo kubwa, na hujazwa na walichohifadhi waliokuwepo.