Mwingereza Asilia ni Yupi?

Wales ni nchi iliyobandikwa jina na majirani. Limetokana na neno la Kiingereza cha kale, wealas, yaani wageni. Waliolitamka ni Waangli na Wasaksoni, waliovuka bahari hadi kisiwa cha Britania kutoka pande za Ujerumani na Denmark ya leo katika karne ya 5. Hebu fikiria: umeshuka mashuani juzi, unamkuta mtu kwake, unamwita mgeni! Wenyewe hujiita Cymry, watu wa nchi moja.

Mtawa Bede, aliyemaliza kitabu chake cha historia mwaka 731, anasimulia kwamba Wasaksoni walialikwa. Vortigern, mfalme wa wenyeji, alitaka wamsaidie dhidi ya maadui wa kaskazini. Kisa kina harufu ya ngano, lakini nakipenda. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walijichukulia jembe, wakachukua na shamba, na nchi ikaitwa England, nchi ya Waangli.

Ndiyo maana nikimsikia mwanasiasa wa huko akiwatetea "Waingereza asilia", hujiuliza anaanza kuhesabu wapi. Mwaka 1903 mifupa ya mwanamume aliyekufa miaka 10,000 hivi iliyopita ilipatikana katika pango la Cheddar, Somerset. Mwaka 2018 watafiti waliopima vinasaba vyake wakasema yaelekea alikuwa na ngozi nyeusi au ya kahawia iliyokolea, na macho ya samawati. Watu wakabishana wee kuhusu ngozi. Mimi naona jambo kubwa ni yaliyofuata. Miaka 6,000 hivi iliyopita walifika wakulima ambao asili yao ni Anatolia, Uturuki ya leo, na ukoo wa watu wa Cheddar ukamezwa karibu wote. Wakulima hao ndio walioanza kujenga Stonehenge, ile duara maarufu ya mawe makubwa. Kisha, yapata mwaka 2400 kabla ya Kristo, wakaja watu wenye vyungu vya umbo la kengele, na baada ya karne chache takriban asilimia 90 ya vinasaba vya kisiwa ilikuwa imebadilika. Kwa hiyo anayepiga picha Stonehenge akijisifu "kazi ya wazee wetu" anajivunia zaidi wazee wa watu wengine.

Wala si Waingereza peke yao. Wafaransa wana jina la Wafranki, kabila la Kijerumani, na lugha iliyozaliwa na Kilatini cha Roma. Wabulgaria wanazungumza lugha ya Kislavi huku jina lao likitoka kwa wapanda farasi wa nyika waliounda dola yao mwaka 681.

Sisemi Mwingereza hana kwao. Kwao ni pale walipozikwa babu zake, kama sisi sote. Ila neno "asilia" linambana kama kiatu cha mtoto.

Na watu wa Wales hawajasahau. Miaka 1,500 imepita, na katika lugha yao Mwingereza bado anaitwa Sais: Msaksoni.